Uzi wa mtihani wa Kiholanzi: nilifeli kuongea Dar, nikarudia, leo nina B1. Karibuni tuulizane

Mchumbageni:
Wakuu habari za saa hizi. Kila wiki naulizwa PM kuhusu huu mtihani wa Kiholanzi, wengi ni watu wanaotaka kumfuata mke au mume, sasa nimechoka kuandika kitu kilekile mara kumi kumi, naweka hapa, mwenye swali aulize hapahapa wote tufaidike. Mi sio mwalimu, ni fundi friji wa Tanga, form four tu, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Kama mi nimepita na we utapita.

Kwanza tutenganishe vitu manake watu wanachanganya sana. Kuna mtihani wa kabla ya kwenda, unaitwa basisexamen inburgering, unaufanyia ubalozini, kiwango ni A1 (ngazi ya chini kabisa ya lugha, juu yake inakuja A2, B1 halafu B2). Bila huo ile viza ya kwenda kuishi na familia (wanaiita MVV) huipati, labda uwe na pasipoti ya nchi walizozisamehe kama Marekani, Kanada au Japani, sisi hatumo. Halafu ukishafika kule kuna inburgering yenyewe (ile ya mgeni kujifunza lugha na maisha ya kule), unapewa miaka mitatu. Walioingia kuanzia 1 Januari 2022 wanatumia sheria mpya na kiwango kikapanda kutoka A2 kwenda B1. Mimi nimeingia mwezi wa tatu 2022, nimeikosa ile nyepesi kwa wiki chache tu, wife mpaka leo ananicheka.

Wa ubalozini una vipande vitatu. Maarifa ya jamii ya Kiholanzi (KNS) yuro 40, kusoma (Lezen) yuro 50, kuongea (Spreken) yuro 60. Vyote unafanya kwenye kompyuta, umevaa hedifoni, hakuna mzungu mbele yako wa kumchekea. Ukifeli kimoja unarudia hichohicho na unalipia hichohicho. Hiyo ya kulipia tena naijua vizuri, nakuja.

Mchumbageni:
Naendelea, simu ilizima.

Nilijiandaa miezi minne. Kwa kichwa. Yaani nilikuwa na daftari la kaunta kwaya mbili limejaa maneno, koelkast friji, stoel kiti, ziek mgonjwa, ukiniuliza neno lolote nakutajia. Nikatoka Tanga na basi nikafikia kwa mama mdogo Magomeni, asubuhi yake nipo Umoja House pale Mirambo ubalozi ulipo, nimepiga shati jeupe kama naenda kuposa. KNS nikaimaliza mapema. Lezen nikaona kawaida, vitangazo, barua fupi fupi. Ikaja Spreken.

Swali la kwanza lilikuwa la kuulizwa unakula nini asubuhi. Jamani. Nilielewa kila neno. Ila kichwani ikaja chapati na maharage ya nazi ya mama mkwe, nikaanza kutafuta maharage kwa Kiholanzi ni nini, sijapata, nikahamia kwenye nazi, nayo sijapata, nikafungua mdomo nikasema "Ik eet..." na muda ukaisha. Swali la pili likanikuta bado nipo kwenye nazi. Kuanzia hapo nikawa naongea kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kipande cha kumalizia sentensi wanakupa mwanzo kama "siendi shule kwa sababu..." we unamalizia, nako nikavuruga.

Majibu yanaweza kuchukua mpaka wiki nane. Yakaja: KNS nimefaulu, Lezen nimefaulu, Spreken chali. Yuro 60 nyingine pamoja na nauli ya basi mara mbili.

Sasa hapa ndo point ya uzi mzima. Nilirudi Tanga nikaacha daftari. Nikawa naongea kwa mdomo, kwa sauti, kila siku, na mtu wa kuongea naye hakuna, basi nikawa naongea na mafriji ya wateja. Nafungua kompresa namwambia "Goedemorgen koelkast. Wat is het probleem? Aha, jij bent kapot. Ik kom morgen terug." Yaani habari ya asubuhi friji, tatizo nini, aha, umeharibika, narudi kesho. Miezi miwili. Wateja wakaanza kusema fundi kapandwa na jini la kizungu. Niliporudi Dar mashine ikaniuliza tena mambo ya chakula, nikajibu hapohapo, "Ik eet brood en ik drink thee." Mkate wenyewe nilikuwa sijala mwezi mzima! Mashine haina shida na unachokula, inataka usikie swali utoe sentensi. Nikafaulu.

Kiranja Mkuu:
Mkuu unajitesa bure, Waholanzi wote wanaongea Kiingereza hadi madereva wa basi. Kiholanzi cha nini? Utaenda kukiongelea wapi zaidi ya hapo na Suriname?

Mchumbageni:
@Kiranja kweli wanaongea, tena ukijitutumua na Kiholanzi chako kibovu dukani wao ndo wanageuza Kiingereza haraka, inauma hiyo. Ila ni sheria kaka, usipomaliza ndani ya muda kuna faini. Halafu nenda kafanye kazi ghalani, mi nipo Tilburg huku maghala ni mengi kama minazi, maelezo ya forklift yapo kwa Kiholanzi na mabosi wadogo wakipiga stori ya mapumziko hawakutafsirii. Unakaa na kikombe chako cha kahawa unatabasamu kama picha ya ukutani.

bint_likoni:
Kaka asante sana kwa hii thread, umeniokoa. Mimi niko Mombasa, nafaa nifanye yangu Nairobi mwezi ujao na nimeogopa mpaka silali. Bwanangu ni Mholanzi lakini akinifunza tunaishia kugombana. Swali langu, kuna mtu kwa group ya WhatsApp anauza maswali ya KNS anasema yametoka ndani, anataka shilingi elfu ishirini. Ni ya ukweli ama?

Mchumbageni:
Dada bint_likoni usimpe hata mia. Maswali yote ya KNS yako wazi! Yapo 100, yenye picha, pamoja na majibu yake, kwenye vifaa rasmi vya kujiandalia vinavyoitwa Naar Nederland, na filamu yake ipo mtandaoni. Siku ya mtihani wanakuchotea 30 kati ya hayohayo 100. Huyo anakuuzia maji ya bahari na wewe upo Likoni.

We angalia filamu mara nyingi, Willem van Oranje ni nani, ukipata dharura unapiga 112, mji mkuu ni Amsterdam lakini serikali inakaa Den Haag (hili linawachanganya watu kila siku). Pesa yako weka kwenye nauli.

bint_likoni:
Woi, na tayari nilikuwa nimeshamwambia nitamtumia jioni 😂 Nishamblock.

BabuWaDelft:
Nyie vijana mmekuta mteremko. Mama watoto alifanya mwaka 2008 Nairobi, enzi hizo mtihani wa kuongea ulikuwa kwa SIMU. Unakaa kwenye chumba ubalozini unapewa mkonga wa simu, upande wa pili ni kompyuta. Inakutajia sentensi wewe unairudia kama kasuku, inakutajia "hoog" unasema "laag", kinyume chake, halafu inakusimulia kihadithi nawe uhadithie. Na kompyuta ndiyo inayokusahihisha. Lezen haikuwepo, waliiongeza 2011. Simu kuondoka kukaja kompyuta hizi za sasa ni mwishoni mwa 2014.

Na bei ilikuwa yuro 350! Mtu akifeli analipa 350 nyingine. Ilishuka baada ya wanawake wawili, mmoja wa Azerbaijan mmoja wa Nigeria, kesi zao kufika mahakama ya Ulaya kule Luxembourg. Julai 2015 majaji wakasema mtihani kuwepo sawa, ila gharama na masharti yasiwe ya kumfanya mtu ashindwe kabisa kuungana na familia yake. Ndipo ikawa 150. Kwa hiyo ukilipa hiyo 150 yako waombee dua hao akina mama.

Mchumbageni:
Shikamoo babu. Hii ya Luxembourg sikuijua kabisa, asante.

BabuWaDelft:
Marahaba mwanangu.

shomari_tmk:
Nipo siti ya mbele. Mkuu tiririka kuhusu lugha yenyewe, ngumu kiasi gani kwa sisi Waswahili?

Mchumbageni:
Mkuu shomari mi naona mtu wa pwani ana mtaji ambao hajui kama anao. Ile G yao ya kukwaruza koo inayowatoa jasho wageni wengi, goed, morgen, sisi tunayo. Tamka Khamis vile babu yako anavyotamka, tamka sheikh. Basi. Mwalimu wangu siku ya kwanza aliniuliza kama nimeishi Amsterdam, nikamwambia hapana nimesoma madrasa.

Vokali nazo. "oe" yao ni "u" yetu kabisa, ndo maana Uganda wanaandika Oeganda, nilipoiona kwenye ramani nilidhani wamekosea. Kazi ipo kwenye "uu" na "ui", hizo midomo inabidi uikusanye kama unapuliza chai halafu useme "i". Buur ni jirani, boer ni mkulima. Mi nilimwita jirani yangu mkulima mwaka mzima, mzee wa watu ni dereva wa trem mstaafu.

De na het (vineno vinavyotangulia majina ya vitu, kila jina na lake) watu wanalia, ila we si una ngeli? Mtoto analia, kitabu kimepotea, ulikariri? Ulizoea tu. Ukikipa kitu udogo kwetu kinaingia ki-, kitoto, kijumba, na kwao wanaweka -je mwishoni na kikishawekewa -je kinakuwa HET siku zote. het kindje, het huisje. Ukiwa na wasiwasi ongeza -je unapona 😂 (usifanye kwenye Schrijven, mtihani wa kuandika, nimeshaonywa.)

Balaa ni kitenzi. Kuna maneno mawili ya "kwa sababu". Ukitumia want unasema want ik ben ziek. Ukitumia omdat kitenzi kinakimbilia mwisho, omdat ik ziek ben. Pale Dar mi nilisema want ik ziek ben, naikumbuka mpaka leo naoga naikumbuka. Ukianza na siku pia vinageuka, ik ga morgen (naenda kesho) lakini morgen ga ik.

Saa sasa. Hii nawapa na ushahidi. Wao wakisema half acht sio saa nane na nusu ya kwao, ni nusu kabla ya nane, yaani 7:30. Na sisi 7:30 asubuhi ni saa moja na nusu. Kwa hiyo kichwa chako kinasikia NANE, kinatakiwa kielewe SABA na nusu, na moyo wako unajua ni saa MOJA na nusu. Niliitwa kwa wakala wa kazi half acht nikafika 8:30 nimepiga pafyumu, wenzangu walishapanda gari la kazini saa nzima nyuma. Wiki ile sikupata zamu.

MutotoWaGoma:
Bonjour wote. Miye niko Antwerpen, ubelgiji, huku ni Kiholanzi pia lakini njia ni ingine kabisa. Sisi Wakongo tunakuja na kifaransa chetu tunafikiri Ubelgiji yote ni kifaransa, unafika Flandria, upande wa kaskazini, unakuta barua zote ni Kiholanzi, guichet (dirisha la ofisi) ni Kiholanzi. Inburgering ya huku ni A2 na tangu 2023 inalipiwa, yuro 90 mara nne, jumla 360, masomo na mitihani. Zamani ilikuwa bure. Naonya ndugu zangu wasichanganye, mtihani wa DUO (ofisi ya serikali ya Uholanzi inayosimamia mitihani) ni mambo ya Uholanzi. Na kuna CNaVT inatoka Leuven, hiyo ni ya watu wanaojifunza Kiholanzi dunia mzima kama lugha ya kigeni, ni kitu kingine tena.

Na G yetu huku ni laini, haikwaruzi vile. Wataniambia naongea kama Mflandria, ninasema ndiyo, ni wao walinifundisha.

Mchumbageni:
Ndugu yangu wa Goma umefanya jambo la maana, nilitaka kusahau kabisa Ubelgiji. Tilburg hapa tuko kusini, nako G ni laini laini, kwa hiyo ile sheikh yangu huku wananishangaa.

shomari_tmk:
Na ya B1 je? Njoo nayo.

Mchumbageni:
Nimekuja. B1 unafanya Staatsexamen NT2, mtihani wa taifa wa Kiholanzi kama lugha ya pili, programa ya I. (Programa ya II ni B2, ya wanaokwenda vyuo.) Vipande vinne, Lezen, Luisteren (kusikiliza), Schrijven, Spreken, na kila kimoja unatakiwa ufike 500. Sio wastani, KILA kimoja, ila ukifaulu kimoja unakiweka kibindoni. Nje ya hapo una KNM ya maarifa ya jamii, humo ndo utajua bima ya afya na ile yuro 385 unayolipa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza, na mambo ya kazi wanayaita MAP. Hayo yana makaratasi mengi ila hayaui.

Sisi tuliokuja kwa ndoa masomo tunajilipia, unaweza kukopa DUO. Mimi nilisoma jioni mara mbili kwa wiki baada ya zamu. Nasema ukweli, darasani nilikuwa nasinzia. Kilichonisaidia ni maktaba, karibu kila mji kuna taalcafé, wazee wastaafu wanakaa na wageni wanaongea bure na biskuti moja moja. MOJA. Kopo likishapita linafungwa. Kuna bibi mmoja wa miaka themanini na kitu pale, hataki kusikia Kiingereza, ukikwama anakungoja. Anakutazama tu na kikombe chake mpaka neno litoke, dakika nzima. Huyo ndo alinifunza kuongea, wala hakuwahi kunisahihisha herufi.

Mtihani nilifanyia Eindhoven. Spreken ya huko mpo chumba kizima, kila mtu na kompyuta yake, na wote mnaongea kwa pamoja! Hedifoni haizibi kitu. Jamaa wa pembeni yangu anafoka kuhusu baiskeli iliyoibwa, mama wa nyuma anaelezea siku ya kuzaliwa, na mimi sekunde zinahesabika kwenye skrini. Sasa likaja swali la kununua kitu kikaharibika urudi dukani kulalamika. Wakuu nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshalisema hilo kwa mafriji mia pale Tanga. De koelkast is kapot, hij wordt niet koud, ik wil graag een nieuwe. Jamaa wa baiskeli akageuka kuniangalia.

Kuongea 531, kusikiliza 546, kusoma 509. Schrijven 488. Hapo sina wa kumlaumu, niliandika barua pepe ya mwenye nyumba nikasahau kusema tatizo lilianza lini wakati wameomba wazi. Wakikupa vidokezo vitatu jibu VITATU hata kama Kiholanzi chako kimepinda. Nilirudia nikapata 517. Na kamusi ya karatasi kwenye kuandika inaruhusiwa, mara ya kwanza niliiacha nyumbani kwa kiburi.

Kiranja Mkuu:
Fundi friji 😂😂 haya nimekubali. Na mi nianzie wapi?

Mchumbageni:
Kiranja wewe tena? Ingia inburgeren.nl kuna mitihani ya mazoezi ya bure, ufanye ukiwa umevaa hedifoni na kelele za familia zikiendelea hivohivo, usijifungie chumbani. Jirekodi simu ukiongea. Utajichukia sauti siku tatu za mwanzo halafu utazoea.

bint_likoni:
Wapendwa narudi na ripoti. Nilifanya! Nilipanda SGR ya usiku, Nairobi baridi ilinishika meno yakawa yanagongana nikasema hapa hata G nitaipata bila jasho. Wiki zote nne nilikuwa naongea na paka wa nyumbani kama vile kaka alivyosema. Saa hii nikiita "kom" paka anakuja, nikimwita kwa Kiswahili ananitazama tu.

Ile Spreken nilipoulizwa kuhusu kazi nilitaka kueleza biashara yangu ya kusuka na kuuza mahamri, nikakumbuka nazi yako kaka, nikasema "Ik werk in een winkel", nafanya kazi dukani, nikapita. Ni uongo lakini ni Kiholanzi.

Majibu yamekuja leo asubuhi wiki ya sita. Vyote vitatu NIMEFAULU. Mamangu amepiga vigelegele hadi majirani wakadhani nimejifungua.

Mchumbageni:
Hongera sanaaa dada! Sasa mumeo akaanze maombi ya MVV kule IND (uhamiaji wao), waweza kungoja hadi siku 90 hivo, usiuze vitu mapema.

BabuWaDelft:
Hongera binti. Lete mahamri ukija.

bint_likoni:
Shukran babu, shukran kaka. Ila kuna jambo. Bwanangu amenitumia voice note ya Kiholanzi ya kunipongeza, dakika mbili nzima, na sijaelewa hata neno moja. Nimesikiliza mara saba. Nimeanza kuhisi labda wamekosea kusahihisha.

Mchumbageni:
Mumeo ni wa mkoa gani?

bint_likoni:
Limburg.

Mchumbageni:
Aaah dada lala usingizi. Hao nipo nao kazini mwaka wa tatu, wakianza kilugha chao hata msimamizi wetu kutoka Utrecht anabaki kuangalia simu.